Fulana ya Nyumba

Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia neno "paa", hukimbilia mara moja somo la homonimia. Atakueleza kwamba paa ni mnyama wa porini mwenye mbio, ni kitendo cha kwenda juu angani, ni kuondoa magamba ya samaki kwa kisu, na ni sehemu ya juu ya nyumba. Mtihani ukiisha, maana hizo hurudi kabatini. Nami nililifahamu paa la namna hiyo, paa la kamusini, hadi nilipotakiwa na jamaa kusimamia ukarabati wa nyumba ya nyanya yangu huko Kinangop, kazi iliyonilazimu kuamua ni msumari upi, wenye kichwa kipi, upigwe wapi na kwa zana gani. Ninakusudia kueleza hapa jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa, kwa kuwa nadhani una la kumfaa kila anayelala chini ya mabati, yaani wengi wetu.

Anayeijua Kinangop anaijua baridi yake, hasa mwezi wa Julai. Usiku mabati hupoa kupita kiasi, ilhali ndani ya nyumba mna pumzi za watu, mvuke wa chai na joto la makaa. Hewa hiyo yenye unyevu hupanda, hugusa bati lililopoa, na unyevu hugeuka matone. Wenyeji husema mabati yanatoa jasho. Nyumba ya nyanya haikuwa na dari, na jasho hilo lilimdondokea kitandani mwaka baada ya mwaka. Alipokuwa na nguvu alisogeza kitanda. Sasa amepita umri wa miaka themanini na kifua chake hakimpi raha, na daktari alikwisha kutuonya kuhusu kulala katika unyevunyevu. Wapo waliopendekeza tutie dari ya mbao laini na tuyasahau mabati. Sikukubaliana nao. Dari ya aina hiyo hunywa maji, huvimba, na mwishowe humwangukia aliyewekewa. Kilichohitajika ni kitambaa kisichopenyeza maji, kitandazwe chini ya mabati ili kiyapokee matone na kuyapeleka nje ya ukuta.

Ingekuwa rahisi kununua mabati mapya na kuanza upya. Hapo ndipo nyanya alipokataa katakata. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati, wakachanga fedha kidogo kidogo na kuezekeana nyumba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Paa la nyanya ni la mwaka 1974, na wengi wa wale waliolichangia wamekwisha kuzikwa. "Mjukuu wangu," aliniambia, "hayo mabati nilibebewa mgongoni. Ukiyatupa, utawaambia nini wenyewe?" Sikuwa na jibu, na kwa hakika sikulitafuta. Tena mabati yale ni mazito kuliko mengi yauzwayo siku hizi ya geji 30 (katika geji, kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba). Kwa hiyo yalipaswa kung'olewa bila kupasuka, kitambaa kitandazwe, kisha yarudishwe yale yale, na matundu yake ya miaka hamsini.

Fundi aliniomba nimwandikie orodha ya vifaa. Nikaandika: makombamoyo, pau, mtambaapanya. Akaicheka orodha yangu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mwenye duka hatakuuzia panya." Yeye husema rafta, palini na woleti. Nikamweleza kwamba mtambaapanya ni ule mti ulalao juu ya ukuta, ambao makombamoyo huukalia, na kwamba waliouita hivyo bila shaka walilala chali usiku wakisikiliza nani anapita juu yake. Akalipenda neno hilo, akalitumia siku nzima. Lakini lilipofika suala la kile kitambaa, sote wawili tuliishiwa na maneno. Paa la makuti halikihitaji, maana makuti hupangwa mwinamo mkali, safu juu ya safu, yakafungwa kwa kamba, na hayatoi jasho. Nyanya ndiye aliyetuokoa. Alipoelezwa kazi yake akasema, "Kumbe mnaivisha nyumba fulana." Tangu hapo likawa jina lake, nami nitalitumia katika insha hii bila kuomba ruhusa ya kamati yoyote ya istilahi.

Kung'oa kulichukua siku nzima. Fundi alikuja na nyundo yenye makucha, na kwa misumari ya mbao ingetosha. Lakini msumari wa mabati una kichwa kilichobinuka kama mwavuli, na makucha ya nyundo yakijiegemeza juu ya bati huliponda wimbi lake na kulipanua tundu. Tulitumia mtaimbo mfupi bapa, chini yake tukaweka kipande cha ubao kilichokalia migongo mitatu ya bati kwa pamoja, ili uzito ugawanyike. Vichwa vilivyoshikana na bati kwa kutu tulivikata kwa tindo, kisha mwili wa msumari tukaung'oa kwa koleo baada ya bati kuondolewa. Kila bati likatiwa nambari kwa chaki upande wa chini.

Mjadala mkubwa ulikuwa mahali pa kutandaza fulana. Fundi alitaka kuilaza juu ya pau, chini tu ya mabati, kwa kuwa ni rahisi. Lakini pau hulala kwa kukingama na mwinamo wa paa. Kitambaa kikilazwa juu yake hulegea kati ya upau na upau, na maji yakiteremka hukutana na kila upau kama na boma, yakatuama. Tulizozana kidogo, naye akamwaga kikombe cha maji juu ya kipande cha turubai tulichokitandika kwenye fito mbili, akayatazama maji yakisimama, akanyamaza. Tukaafikiana kuondoa pau zote, ambazo nyingi zilikwisha kuliwa na wadudu, na kuilaza fulana moja kwa moja juu ya makombamoyo, ikiwa na ulegevu mdogo katikati yake ili maji yapate njia ya kuteremka chini ya pau. Tulianzia ukingo wa chini tukipanda, kila safu ya juu ikiilalia ya chini kwa inchi 6. Anayeanzia juu huwa amewatengenezea maji mfuko wa kuingilia. Safu ya kwanza ilivuka ukuta hadi kwenye mfereji wa paa.

Je, fulana ishikiliwe na nini? Wengi hudhani msumari mrefu ndio imara. Kwa kitambaa, urefu si hoja. Upepo haung'oi msumari kwenye mti. Unachofanya ni kukivuta kitambaa hadi kichwa cha msumari kikatobolea na kupita. Ndiyo maana pini za kupigwa kwa mashine ya mkono, ambazo fundi alizipenda kwa wepesi wake, hazikunipendeza: pini ina mgongo mwembamba kama uzi, hivyo hukata inapovutwa. Tulichagua misumari mifupi ya inchi 1 yenye vichwa vipana, iliyopakwa zinki, na chini ya kila kichwa tukaweka kisahani cha plastiki kipana kuliko sarafu. Hatukuwa na haja ya mingi. Kinachoshikilia fulana hasa ni pau zenyewe, zikipigiliwa juu yake; misumari midogo ni ya kuituliza kwa saa chache kabla pau hazijafika. Tuliipiga juu ya makombamoyo tu, pale pau zitakapopita na kufunika matundu. Hata hivyo saa chache hizo si haba. Alasiri upepo wa Kinangop ulishuka, safu ya juu ikapepea kama tanga, na vichwa vipana havikuachia hata kimoja.

Kwa mabati yenyewe nilikuwa na hamu ya skrubu. Skrubu hushika mti kwa hesi zake, na upepo unaoinua paa, ambao hushambulia zaidi kingo, pembe na mgongo wa paa, hushindwa kuing'oa kwa urahisi. Lakini matundu ya 1974 yalikwisha kuwa mapana kuliko kichwa cha skrubu na raba yake. Kutoboa matundu mapya ni kuyaacha ya zamani wazi, na bati la wanawake wale lingekuwa chujio. Hapo fundi akatoa wazo ambalo mimi na vitabu vyangu hatukulifikia: pau mpya zikae mahali hasa pa pau za zamani, ili matundu ya zamani yakutane na mti ambao haujawahi kutobolewa. Tukapima kutoka kwenye mabati, si kwenye mchoro, tukavuta uzi uliopakwa chaki, tukapigilia pau kwa kuufuata. Mbao zilikuwa za saiprasi iliyokauka. Mti mbichi hunywea unapokauka na kuulegeza msumari. Kisha tukatumia misumari ya kichwa cha mwavuli yenye mwili uliosokotwa, maana ule laini hutoka kama ulivyoingia, na raba pana chini ya kila kichwa. Yote ilipigwa mgongoni mwa wimbi, kamwe si bondeni maji yanamopita, na ilikuwa na urefu wa kuvuka kimo cha wimbi na bado kuzama vyema katika upau. Fundi aliacha kupiga mara raba ilipobonyea kidogo. Ukizidisha, wimbi huponyeka na raba hupasuka.

Mabati mawili yalikuwa yameliwa na kutu kiasi cha kutorudishika. Nilidhani nyanya angelalamika. Aliuliza tu yalikuwa yapi, nikamsomea nambari, naye akafikiri kidogo kisha akayataja majina ya wanawake wawili. Sijui kama kweli alikumbuka nani alichangia bati lipi. Aliagiza yasitupwe, yaezeke banda la kuku, na ndivyo tulivyofanya, kwa misumari iliyobaki. Asubuhi za Julai iliyofuata, siku ambazo hapakunyesha kabisa, maji yalionekana yakichuruzika kwenye mfereji wa paa, na shuka za nyanya zilikuwa kavu.