Milango 17 Iliyofungwa

Zamu hii ni yetu sisi wa Mbugangari. Wengine mliandika juu ya kambi, wengine juu ya mpira, wengine juu ya safari ya kwanza ya Kigali. Sisi tunaandika juu ya takwimu. Usikimbie bado. Hata sisi tulitaka kukimbia.

Tuko sita. Mwenye nafasi ya chuo ni mmoja tu, dada yetu, anayesoma kwa intaneti katika chuo cha nje. Muhula huu somo lake lilikuwa Utangulizi wa Takwimu. Sisi watano hatuna namba ya mwanafunzi wala akaunti, tunakaa nyuma yake. Kompyuta iko juu ya meza ndogo, yeye kwenye kiti, wengine kwenye mkeka na juu ya bido zilizogeuzwa, tunasoma juu ya bega lake. Megabaiti tunachanga wote. Mitihani anafanya peke yake, sisi tuko nje na mlango umefungwa. Hilo tulikubaliana siku ya kwanza. Lakini kusoma tunasoma wote. Kwa hiyo mkiona tumeandika "tulisoma," jueni ni watu sita kwa jina moja.

Wiki ya pili ilikuwa ya wastani. Tukasema hiyo tunaijua, si tulifundishwa shule ya msingi? Unajumlisha, unagawanya, basi. Zoezi lilitaka faida ya siku saba ya mtu mmoja mwenye biashara. Tukamwendea mama wa chumba cha jirani, yule anayevusha nyanya pale Petite Barrière. Akatuhesabia kwa vidole: 3,000, 2,500, sifuri, 4,000, sifuri, 3,500, 1,000. Jumla faranga 14,000. Gawanya kwa saba.

"Mama, kwa wastani unapata faranga 2,000 kila siku."

Akatuangalia kwanza. Halafu akasema, "Kila siku? Na zile siku mbili nilirudi mikono mitupu, batoto balikula wastani yenu?"

Tulicheka mpaka tukakosa la kujibu. Jibu tulilipata wiki iliyofuata, tulipofika kwenye mtawanyiko, yaani namba zinakaa mbali kiasi gani na ule wastani. Mtu anayelipwa 2,000 kila jioni na mama yetu wa nyanya wana wastani mmoja. Lakini yule wa kwanza anaweza kuahidi kodi ya nyumba, anaweza kukopa dukani akaaminiwa. Mama hawezi kuahidi kitu, maana hajui kesho ni 4,000 au ni sifuri. Wenye kukumbuka Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, wanajua vizuri sifuri inavyoweza kufuatana na sifuri. Mama alikuwa ameelewa mtawanyiko kabla yetu. Alikosa tu jina lake.

Baada ya hapo likaja somo la sampuli, na hili ndilo lililotufanya tuandike.

Sampuli si kitu kigumu. Ukipika sufuria ya maharage, huwezi kuimaliza yote ndiyo ujue kama chumvi imetosha. Unaonja kijiko kimoja. Ila lazima ukoroge kwanza. Usipokoroga, kijiko chako kinasema habari za juu tu, na chumvi yote iko chini. Na hata ukichota mabakuli kumi ya juu, bado utakuwa umeonja juu.

Kitabu chetu kilitoa mfano wa Marekani mwaka 1936. Gazeti moja, Literary Digest, lilitaka kujua nani atashinda urais. Likatuma karatasi kama milioni 10 kwa posta, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Hebu fikiria, milioni 2! Likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na miaka ile ya njaa ya kazi, mwenye simu na gari si yule maskini anayesubiri mkate. Tena wengi waliopata karatasi hawakujibu, na hakuna aliyekwenda kuwauliza kwa nini. Mwaka huohuo George Gallup aliuliza watu wachache zaidi kwa mbali, akapata mshindi sahihi.

Tukaandika ukutani kwa makala: WINGI SI UKWELI. Mwenye nyumba hakufurahi.

Sasa kazi ya nyumbani. Dada alitakiwa achague swali moja, akusanye majibu mwenyewe au kwa msaada, na aeleze alivyofanya. Swali tulilolichagua lilikuwa karibu na roho zetu: kati ya vijana wa miaka 15 hadi 24 wanaoishi hapa mtaani kwetu, wangapi wanasoma? Tukaanza kwenye kioski cha chumvi na sabuni, tukabisha kila mlango wa tano, mpaka milango 40. Tulipita asubuhi, kuanzia saa nne, maana jua lilikuwa bado zuri na tulitaka kumaliza mapema.

Milango 23 ilifunguliwa. Ndani yake tukapata vijana 22, na 14 kati yao wanasoma. Milango 17 ilikaa kimya. Tulipiga hodi, tukangoja, tukaenda.

Siku ya mwisho ya kutuma kazi ilikuwa Jumapili. Jumamosi mvua ilinyesha siku nzima, ile mvua ya huku inayoshuka na ukungu mpaka huoni hata Nyiragongo. Hakuna aliyetaka kutoka. Kwenye jedwali kulikuwa na mistari 17 mitupu. Tukatazamana. Mmoja akasema, "Tujaze tu. Nyumba hizi zinafanana na zile nyingine." Na sisi wote tukakubali, tusimtupie mmoja. Tukajaza mistari 17 kwa mfano wa waliofungua: hapa kijana mmoja anasoma, hapa mwingine hasomi, tukichanganya ili ionekane kweli. Kompyuta ikapiga hesabu. Asilimia 64 wanasoma. Namba nzuri, hata ilitupa moyo.

Dada akaweka kidole pale pa kutuma. Halafu akakitoa.

"Mimi nilishajazwa hivi," alisema.

Hatukujua hiyo habari. Akatueleza. Familia yao ilipofika huku, shirika moja lilipita kuandika watu. Siku hiyo wao walikuwa wamempeleka mama yao hospitali. Mlango ulikuwa umefungwa, na jirani, kwa nia njema kabisa, akajibu badala yao: "Pale wanakaa watu wawili." Walikuwa watano. Karatasi ikaenda na wawili. Vitu vya shule vilipogawiwa, wadogo zake watatu hawakuwepo kwenye orodha. Walionekana mtaani, walionekana kwenye foleni ya maji, lakini kwenye karatasi hawakuwepo. Ilichukua miezi mitatu kurekebisha. Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyewachukia. Mtu alijaza tu mstari mtupu.

Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Tulikuwa tukiisikia kama methali ya kumsuta mtu anayechelewa kula. Usiku ule tuliisikia vingine.

Tukafuta mistari yote 17. Dada akamwandikia mwalimu kuomba siku nne, akapewa.

Kuanzia Jumatatu tukapita jioni, jioni tatu mfululizo, watu wanaporudi. Milango 15 ikafunguka. Mama mmoja akatuambia bila hasira, "Nyinyi na ba mashirika munakuyaka saa ine. Saa ine sisi tuko bariyeri. Nani ataacha kazi akae kungojea maulizo?" Mlango mwingine ulifunguliwa na kijana wa miaka 16, mikono bado myeupe kwa simenti. Tulipomuuliza kama anasoma, alitazama mikono yake kwanza, kama vile jibu limeandikwa pale.

Kwenye milango hiyo 15 tulikuta vijana 19. Wanaosoma ni wanne.

Rudi kwenye hesabu. Asubuhi: 14 kati ya 22. Jioni: 4 kati ya 19. Ukiweka pamoja: 18 kati ya 41, yaani asilimia 44. Tungetuma ile kazi ya Jumamosi, tungesema 64. Na angalieni jambo lenyewe: tulipojaza kwa mfano wa waliofungua, namba haikusogea kabisa, ilikaa kwenye ileile ya asubuhi. Ilionekana tumeuliza milango 40, kumbe tulikuwa tumewauliza walewale mara mbili. Mlango haukufungwa kwa bahati mbaya. Ulifungwa kwa sababu ya jambo lilelile tulilokuwa tunalitafuta: kijana hasomi kwa sababu anafanya kazi, na kwa sababu anafanya kazi hayupo saa nne.

Tusiwadanganye: milango 40 si Mbugangari nzima. Msichukue asilimia yetu mkaiweka kwenye ripoti. Lakini njia tuliyoipitia mnaweza kuichukua.

Kuna kitu kingine hesabu hii ilituonyesha, na hiki kinatuhusu sisi wenyewe. Kongo yetu ilifanya sensa ya mwisho mwaka 1984, wakati ule ikiitwa Zaire. Rwanda hapa ilihesabu watu wake Agosti 2022, lakini upande wa pili wa bariyeri, idadi yoyote ya watu mnayoisikia redioni ni makadirio juu ya makadirio. Sisi sita tumezaliwa baada ya 1984. Maana yake nchi yetu haijatuhesabu hata mara moja. Wengine kati yetu tulivuka zamani mgongoni mwa mama, wengine Januari 2025 vita ilipofika Goma. Lakini mara ya kwanza mtu kutuuliza rasmi jina, umri, na nani yuko pamoja nawe, ilikuwa kwenye usajili wa wakimbizi. Weka kidole hapa. Angalia kwenye mashine kwa macho. Wengi wanaona aibu kusimulia foleni ile. Sisi sasa tunajiuliza: kwa nini ilibidi tukimbie ndiyo tuhesabiwe?

Tena kuna ile namba ya masomo ya juu. UNHCR na wenzao wameweka lengo kwamba ifikapo 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe chuoni. Mwaka 2019 ilikuwa asilimia 3. Ripoti ya 2024 ilitaja 7. Tunafurahi inapanda. Dada yetu yumo ndani ya hiyo namba. Sisi watano tunaokaa nyuma yake, tunaojua mtawanyiko na sampuli nasibu, hatumo. Hatulalamiki, namba ina mipaka yake na kuangalia juu ya bega si digrii. Tunasema tu kwamba nyuma ya mmoja anayehesabiwa, mara nyingi kuna mkeka.

Kwenu wandugu wa mashirika mnaotusoma: tunajua na nyinyi mna tarehe za mwisho, mna gari linalotakiwa kurudi kabla ya jioni. Tunaomba mambo mawili. Mkija asubuhi, rudini na jioni. Na mlango usipofunguka, msimuulize jirani halafu mkaandika kama vile mmemuona mwenyewe. Andikeni "hatukumkuta." Hilo neno halijawahi kumnyima mtoto daftari. Lililomnyima ni "wawili."

Kwenu vijana wenzetu: mkipata nafasi ya hili somo, lichukueni, hata kwa bega la mwenzenu. Hesabu zake si ngumu kama mnavyotishwa. Kugumu ni kukaa na mstari mtupu bila kuujaza.

Dada alipata alama nzuri. Mwalimu aliandika swali moja tu: milango miwili iliyobaki je? Tulipita jioni zote tatu, haikufunguka. Kwenye mmoja majirani walisema watu walishahama, hawajui walikoenda. Kwenye mwingine, kila jioni kulikuwa na kandambili ndogo za mtoto nje ya mlango, na ndani kimya.

Kwenye jedwali tumeiacha mitupu. Kila Jumapili, tukitoka kuchota maji, tunapita tena na kupiga hodi.