Bahari Iko Mlangoni

Mama alikuwa akipepeta mchele barazani, Mji wa Kale, Mombasa, nilipomwambia kwamba mimi na mdogo wangu twaenda Ureno kupumzika ufukweni. Hakuinua uso. "Bahari iko mlangoni," akasema, "mwaenda kutafuta ipi huko?"

Sikuwa na jibu. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, nikawachorea watoto wa watu pwani zote za dunia ubaoni, na nilipostaafu nilikuwa sijatia mguu katika hata moja zaidi ya hii niliyozaliwa nayo. Lakini hilo si jambo la kumwambia mama aliyeshika ungo.

Pesa zilitoka kwenye chama chetu cha wanawake. Zamu yangu na ya mdogo wangu zilifuatana mwaka ule, nasi tukaapa kwamba safari hii hatununui makochi. Mdogo wangu alitaka Nice, Ufaransa, kwa sababu ya picha aliyoiona. Nikamwonyesha bei za vyumba vya Nice, akanyamaza siku mbili. Akarudi na Amalfi, Italia, mahali pa majabali na ngazi zisizokwisha, hali goti lake la kulia humlilia akipanda ghorofa ya pili. Pwani ya kusini ya Hispania tulikaribia kuikatia shauri. Kilichonigeuza ni kitu ambacho pengine watalii wengi hawakiulizi: je, maji ya huko hupwa?

Mediterania, ukiacha pembe zake chache, haipwi wala haijai kwa kiasi cha kumshtua mtu. Ni sentimita tu. Kwa mtu wa Mombasa bahari isiyopwa ni beseni. Ila Algarve, kusini kabisa mwa Ureno, iko nje ya mlango wa Gibraltar na inatazama Atlantiki; siku za bamvua maji yake hushuka mita tatu hivi, yakaacha mchanga, miamba na kaa wanaokimbia. Nilipolisoma hilo nilijua tunakwenda wapi. Na jina lake lilinimaliza kabisa. Waarabu na Waberberi walioitawala nchi ile tangu karne ya 8 waliiita Al-Gharb, upande wa machweo, mzizi ule ule wa Magharibi yetu, ya dira na ya swala. Mfalme Afonso wa Tatu aliutwaa mji wa Faro mwaka 1249, lakini jina la Kiarabu hakuliondoa. Wafalme wa Ureno waliendelea kujiita wafalme wa Ureno na Algarve mpaka ufalme ulipoanguka mwaka 1910.

Albufeira, mji mmoja wa huko Algarve, nayo ni Al-Buhayra, bahari ndogo. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliona kwenye ramani ya reli kituo kinachoitwa Albufeira, nikakodi chumba karibu na ufuo, nikajisifu. Wiki moja baadaye nikatazama ramani kwa makini kama nilivyokuwa nikiwasihi wanafunzi wangu: kituo kile kiko Ferreiras, kilomita 6 hivi kutoka baharini. Mwalimu wa jiografia! Nilighairi chumba kabla mdogo wangu hajajua, nikapanga upya kwa kufuata reli yenyewe, inayotoka Lagos upande wa magharibi hadi Vila Real de Santo António kwenye mpaka wa Hispania, kilomita 140 hivi. Kanuni yangu ikawa moja: tulale pale tu ambapo kutoka kituoni hadi kitandani tunaweza kuburuta mzigo kwa miguu. Tavira ikakubali. Lagos ikakubali.

Ikabaki kuchagua mwezi. Agosti Wareno wenyewe huteremkia kusini pamoja na Waingereza, na chumba hupanda bei kama samaki siku za kusi kali. Machi na Aprili jua lipo, lakini maji ni nyuzi 16 au 17. Septemba bahari imekwisha kupata joto la kiangazi chote na hufika 21 au 22, na watoto wa shule wamerudi madarasani. Tukashika nusu ya pili ya Septemba. Mdogo wangu aliposikia "maji yamepata joto" alifurahi, nami sikumkumbusha kwamba maji yetu ya Julai, yale tunayoyalalamikia, huwa nyuzi 25.

Viza ya Schengen ni kazi ya mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, si mapema zaidi. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya afya lazima ifike yuro 30,000. Halafu taarifa za benki, tiketi ya kurudi, na mahali pa kulala kila usiku mmoja, hata ule wa uwanja wa ndege. Tulipanda treni Miritini hadi Nairobi kwenda kutoa alama za vidole. Kijana niliyemkuta dirishani, mpole, mwenye miwani, alisoma karatasi zangu, akarudia anwani, kisha akauliza, "Mama, si nyinyi mnatoka Mombasa? Na mnaenda likizo ya bichi?"

Swali lile lile la barazani, ila mama alikuwa anatuonea uchungu wa pesa na kijana alikuwa anahofia kwamba hatutarudi. Nikamwambia nataka kuona walikotoka Wareno waliojenga Ngome ya Yesu ya kwetu Mombasa. Haikuwa kweli kamili. Hata baharia wao, Vasco da Gama, si mtu wa Algarve. Alizaliwa Sines, kaskazini zaidi, na mwaka 1497 aling'oa nanga Lisbon. Hata ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Lakini mbele ya dirisha la viza hakuna anayetoa mhadhara. Kijana alitabasamu, akagonga muhuri kwenye risiti. Viza zilitoka zikiwa zimebaki siku tisa, na katika siku hizo tisa mimi sikulala vizuri hata usiku mmoja.

Treni ya kusini hutoka Lisbon kwa kuvuka mto Tagus kwenye daraja la 25 de Abril, magari yakinguruma ghorofa ya juu na sisi chini yake kama tumo ndani ya cherehani. Mwenye miaka 65 na zaidi hulipa nusu nauli, na karani hakujali kwamba mimi si Mreno. Alitazama mwaka wa kuzaliwa tu. Mdogo wangu, mwenye miaka 58, alilipa nzima na alinuna hadi upande wa pili wa mto.

Alichangamka alipogundua kwamba Kireno anakijua. Chakula kiko juu ya mesa. Maji yamo kwenye copo. Kitandani mto una fronha, mlangoni pa ofisi ya serikali inapepea bandeira, na fundi anayekaza bawaba anakaza parafuso. Alikuwa akisoma vibao kwa sauti, kila neno la kwetu analolikuta analidai kama mtu aliyeona vyombo vyake kwa jirani, mpaka nikamkumbusha nani alikopa kwa nani. Tavira ina makanisa mengi kupita kiasi kwa mji mdogo kama ule, na kila moja limeandikwa Igreja. Ndilo neno lililotupa gereza. "Wanasali gerezani!" akasema, akacheka peke yake. Kwa sisi tuliozaliwa chini ya Ngome ya Yesu hicho si kichekesho tu, maana Waingereza waliifanya ngome ile kuwa jela kweli, tangu 1895 hadi 1958. Babu yetu mmoja alilala humo.

Usiku wa kwanza tuliingia mkahawa mmoja, na kabla hatujaagiza tukaletewa mkate, zeituni na jibini. Tukashukuru, tukala, tukasema hawa watu wana ukarimu wa kipwani. Bili ilipokuja, ukarimu ulikuwa umeandikwa mstari wa kwanza. Ndiyo desturi ya nchi nzima, nayo ni halali: usichokigusa hulipi, na waweza kukirudisha kwa heshima. Jambo la pili kwa Mwislamu ni kuuliza. Kusini kule hupenda kupika chaza kwa chungu cha shaba chenye kifuniko cha bawaba, cataplana, na mara nyingi hutia vipande vya nguruwe mahali ambapo huwezi kumdhania. Tulijifunza maneno mawili, "sem porco", tukayatumia kila mlo.

Lakini pweza hana shaka. Kilomita 3 kutoka Tavira kuna kijiji cha Santa Luzia, na Wareno hukiita mji mkuu wa pweza. Kando ya maji yamepangwa mamia ya vyungu, vya zamani vya udongo na vya sasa vya plastiki, vimefungwa kwa kamba ndefu moja. Mvuvi mzee aliyekuwa akikwangua magamba ya bahari kwenye vyungu vyake alitueleza, kwa mikono kuliko kwa maneno. Chungu hakina chambo. Kinazamishwa kitupu. Pweza ni mpenda nyumba. Akikuta tundu lenye giza anaingia kulala, na asubuhi kamba inapovutwa hatoki, anajishikiza ndani zaidi, akidhani hapo ndipo penye usalama.

Mdogo wangu aliinama akakishika chungu, akakigeuza. Kwetu, bamvua ikipwa, wanawake na wanaume hushuka mwambani na fimbo ya chuma wakamchokoa pweza nyumbani kwake. Hapa humjengea nyumba. Aliokota kijiti akamwonyesha yule mzee jinsi shangazi yetu alivyokuwa akichokoa, akaigiza na pweza anavyopanda mkono, na mzee akacheka hadi akakaa chini. Kisha naye akaigiza kumpiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Hapo tukaelewana kabisa: jiwe ni lile lile. Tulikaa naye zaidi ya saa moja. Mchana tulikula pweza wa kuokwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, laini kama muhogo wa nazi. Wa kwetu ana ladha kali zaidi, nami nashikilia hilo, lakini walikuwa wamempika kwa adabu.

Siku iliyofuata tulipanda kigari-moshi kidogo kinachokwenda ufuo wa Barril. Huko, juu ya mchanga, zimepangwa nanga zenye kutu, safu kwa safu. Ndizo zilizokuwa zikishikilia nyavu kubwa za jodari, samaki waliokuwa wakipita pwani hii kila mwaka. Walipungua, na katika miaka ya 1960 kambi ya wavuvi ikafungwa. Nyumba zao sasa ni mikahawa. Hapo ndipo tulipooga. Mdogo wangu alivua viatu akaenda mbio kama mtoto. Maji yalipomfika kifuani alitoa sauti iliyowafanya Wajerumani wawili wageuke. Nyuzi 21 si 25. Nilimwambia anyamaze, nikazama mimi. Nikatoa sauti ile ile.

Lagos tulifika kwa treni, na kwa hakika ndiyo pwani ya kwenye kalenda: majabali ya rangi ya manjano, matundu, ngazi ya kushuka Ponta da Piedade ambayo goti la mdogo wangu liliitazama kutoka juu. Nilitaka kupaona mahali pengine. Katika uwanja wa mji kuna jengo dogo lenye matao linaloitwa Soko la Watumwa, sasa makumbusho, na katika uwanja huo huo imo sanamu ya Mwanamfalme Henrique wa Ureno, ameketi. Tarehe 8 Agosti 1444 Waafrika 235 waliteremshwa hapa Lagos kutoka pwani ya Sahara wakagawanywa, mama huku na mtoto kule. Zurara, mwandishi wa mfalme, aliiandika siku hiyo. Mwaka 2009, walipokuwa wakichimba maegesho ya magari, waliikuta mifupa ya zaidi ya watu 150 wa asili ya Afrika, imetupwa kwenye jaa la zamani la mji. Hawakuwa watu wa pwani yetu, na pwani yetu ilikuwa na masoko yake, tena yenye wenyeji walionunua na kuuza, kwa hiyo sikusimama pale kama mtu asiye na deni. Tulikaa kimya. Hatukwenda ufuoni jioni ile.

Usiku wa mwisho nilimuuliza mhudumu kama kesho kutakuwa na mvua. "Oxalá que não," akajibu, na neno hilo la kwanza, linalotamkwa "oshala", ni la Kiarabu, ndugu wa Inshallah. Mdogo wangu akaitikia "Amin" bila kufikiri.

Mama tulimletea chumvi. Tavira ina mashamba ya chumvi pembeni mwa mji, meupe, yenye vilima vinavyong'aa jua likishuka, na ile ya juu kabisa, inayoenguliwa kwa mkono, huuzwa katika kikopo kizuri. Niliona ni zawadi ya mpishi. Alikifungua barazani, akaonja kwa ncha ya kidole, akafunga.

"Mmekwenda hadi Ulaya," akasema, "mkaniletea chumvi."

Kikopo kiko kabatini hadi leo, nyuma ya birika. Pweza wake anamtia chumvi ya kwetu, ya Gongoni.