Mulandu wa Imbwa

Nilipoombwa kuandika katika kijitabu hiki juu ya mila za ujirani, nilidhani nitaandika juu ya matanga: namna majirani wanavyoleta kuni na unga pahali penye kilio bila kuitwa na mtu. Ni jambo zuri, na wengine wataliandika vizuri kuliko mimi. Nimechagua jambo linalonipa haya, kwa sababu njo ninalijua zaidi. Imbwa yangu ilimuuma mtoto wa jirani, na mimi nilibakia ndani ya nyumba.

Hapa Lubumbashi hatufugi imbwa kwa kuipenda. Usiku wezi wanaruka kuta, zamu anataka mshahara kila mwisho wa mwezi, lakini imbwa inatosheka na mabaki ya bukari na vichwa vya samaki. Basi kila lupango na imbwa yake. Mababu zetu walikuwa na sababu nyingine. Babu yangu mzaa baba, upande wa Kasenga, karibu na mto Luapula, alikuwa mwindaji na alikuwa na imbwa mbili ndogo, zenye masikio ya kusimama, zilizonyamaza karibu siku nzima. Ziko imbwa za namna hiyo katika inchi yetu, mpaka Wazungu wakachukua zile za msituni wakazipeleka Ulaya kwa jina la basenji. Kwa sababu hazibweki, wawindaji wanazifunga shingoni kengele ya mti, wasizipoteze porini. Baba yangu alisema kwamba babu hakuwa anatoa kengele ile hata akirudi kijijini. Watu walipomuuliza, alijibu: ni kusudi mwenye mbuzi asikie na yeye.

Yangu haikuwa na kengele. Ilikuwa na jina: Batasema. Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Jina la imbwa ni barua kwa jirani. Ukiwa na neno ambalo huwezi kumwambia mtu usoni, unampa imbwa, kisha jioni unasimama kwenye mlango na kuiita kwa sauti kubwa. Katika avenyu yetu peke yake tulikuwa na Wivu, Tuachane, na moja iliyoitwa Feza Yako. Batasema nilimwandikia mama jirani, mjane, ambaye alilalamika kwamba maji ya mvua kutoka kwa paa yangu yanabomoa ukuta wake. Kufuatana na desturi, naye angeweza kufuga imbwa na kuipa jina la kunijibu. Lakini hakuwa na imbwa, basi hakuwa na la kujibu. Nilijiona mwenye akili sana.

Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekatika kidogo. Bawaba moja ya portail yetu ilikuwa imevunjika tangu Noeli, na tulikuwa tunaisimamisha na jiwe. Binti ya mama jirani, wa miaka minane, alitumwa kununua makala kwenye kona. Sikuona namna ilivyofanyika. Nilisikia tu. Nilikuwa mezani nasahihisha karatasi za wanafunzi, nikasikia imbwa, nikasikia mtoto, kisha nikasikia watu wa avenyu: “Ni imbwa ya Mwalimu! Ni imbwa ya Mwalimu njo imemuuma!”

Nilisimama. Sikwenda mlangoni, nilikwenda dirishani, nyuma ya pazia. Nikamwambia mke wangu: “Enda uone.” Akaenda mbio. Mimi nikabaki nikipanga maneno. Kwamba ni mtoto wangu mkubwa ndiye aliyepita wa mwisho na hakurudisha jiwe. Kwamba pengine yule binti alikimbia, na imbwa inafuata kila kinachokimbia. Kwamba pengine alitupa jiwe. Katika nusu ya dakika nilikuwa tayari na majibu matatu, na sikuwa hata nimeona jeraha.

Sasa niseme lililo baya zaidi. Mimi ninafundisha biolojia. Kila mwaka ninasimama mbele ya wanafunzi na kuwaeleza juu ya kichaa cha mbwa, ile tunaita raji kwa Kifaransa. Ninawaeleza kwamba tangu siku dalili zinapotokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ninawaeleza juu ya Louis Pasteur, na mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na imbwa katika mwaka 1885 na akaokolewa na chanjo. Ninawafundisha kuosha jeraha mara moja kwa maji na sabuni, dakika 15, hata kama mtoto analia. Na imbwa yangu, katika miaka minne, haikupata shindano hata moja. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Basi nilifungua dirisha, nikaita: “Sabuni! Muoshe na sabuni, dakika kumi na tano!” Watu wote wakageuka. Mwalimu anatoa somo kwa dirisha.

Mke wangu na mama jirani wakampeleka mtoto kwenye kituo cha afya, wakatumwa hospitali kwa chanjo. Shindano ya kwanza siku ileile, kisha nyuma ya siku tatu, nyuma ya siku saba, na kuendelea. Mama alilipa ya kwanza na feza ya duka lake, ile ya kununulia bidhaa.

Jioni alikuja kwetu na kaka yake mkubwa. Niliwapa viti. Hakukaa.

“Mwalimu, si kugombana njo nilikuya. Nakuya kuuliza kitu moja tu. Wakati mutoto alikuwa analia mu avenyu, weye ulikuwa wapi?”

Nikaanza: “Mama, portail ilibakia wazi, hakuna aliyeituma imbwa...”

“Sikuuliza juu ya portail,” akasema. “Nauliza weye.”

Kaka yake hakusema neno. Alikuwa anaangalia karatasi zangu mezani, na bika nyekundu juu yake.

Wakaenda. Kesho yake, siku ya Mungu, nyuma ya misa, nilimfikia mwenzangu mmoja wa kazi aliyesoma sheria kidogo. Niseme kweli: nilikwenda kutafuta pa kutokea. Akanionyesha dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 juu ya mapatano na madeni, ambayo ingali katika sheria zetu za kiraia, kifungu cha 261. Mwenye nyama anajibu kwa hasara iliyofanywa na nyama yake, ikiwa alikuwa anailinda, au ikiwa imepotea, au ikiwa imetoroka. Nilikisoma mara mbili. Watu walioandika mambo hayo wakati mji wetu haujakuwako, walikuwa wameshafikiri juu ya bawaba yangu.

Nikirudi kwa miguu nilikumbuka neno ambalo baba alilitumia sana: mulandu. Sisi watu wa Kibemba tunalitumia kwa kosa, tena kwa kesi mbele ya wazee, tena kwa deni. Hata tukitaka kusema “kwa sababu ya” tunasema “pa mulandu wa”. Kwa Kifaransa, na hata kwa Kiswahili, nilikuwa nimefaulu kuyatenga: sababu ni mtoto wangu, kosa ni la imbwa, na deni tutazungumza. Katika neno la baba hakuna nafasi ya kupita.

Na baba alikuwa amenieleza. Imbwa moja ya babu iliua mwana-mbuzi wa mtu, pamoja na kengele yake. Babu hakungoja kuitwa. Kabla ya jua kutoka alichukua mbuzi wake mwenyewe, akamfunga mlangoni pa yule mtu, akakaa chini, si kwenye kiti, akangoja mwenye nyumba aamke. Hakuna baraza iliyoitwa. Hadithi hii nilikuwa ninaipenda, hata nimeshaihadithia darasani.

Mimi nilikwenda jioni, jua likiwa limeshatoka na kushuka tena. Nilikuta mama anachambua matembele. Nilitaka kukaa chini, lakini aliniletea kigoda, akasema: “Usifanye michezo, Mwalimu.” Nikamwambia: uko na haki, nilikuwa dirishani, niliogopa. Nitalipa shindano zote, na ile umeshalipa nitairudisha. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa mwezi wa tano. Nikawaomba wenzangu wanipe mbele, wakakubali. Ilikwenda karibu yote.

Vijana wa avenyu walitaka kuiua imbwa kwa mawe. Hapo somo langu lilifaa kidogo. Niliwaomba waiache, tuifunge na kuiangalia siku kumi: ikiwa hai na mzima nyuma ya siku kumi, maana yake siku ya kuuma haikuwa na kichaa katika mate yake. Ikifa au ikibadilika, daktari ajue mara moja. Niliifunga chini ya muembe na mnyororo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, mama jirani alikuja kuiangalia. Hakunisalimu siku ya kwanza. Alisimama mbali, akatazama kama inakunywa maji, akaenda. Siku ya nne aliniuliza: “Imekula?” Siku ya sita, akiwa anasimama hapo, aligeuka akaangalia paa yangu, kisha ukuta wake. Hakusema kitu. Nilileta fundi siku ya posho iliyofuata, akaweka mfereji wa bati.

Siku ya kumi imbwa ilikuwa nzima. Mama aliiangalia muda mrefu. “Basi, Batasema,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie jina lile katika kinywa chake, na sijui niseme nilijisikia namna gani.

Imbwa imepata chanjo, na cheti chake kiko pamoja na karatasi za watoto wa shule. Portail ina bawaba mpya. Nimeifunga imbwa kengele, ya bati, kwani ya mti hakuna anayeitengeneza hapa mjini. Jina sikulibadilisha, wenzangu wananishauri, lakini imbwa kubwa haisikii jina jipya, tena nafikiri si imbwa iliyohitaji kubadilishwa.

Mtoto alipona. Ana alama mbili kwenye mguu, chini ya goti. Shule yao iko upande wetu, dakika tano tu ukipita mbele ya lupango yangu. Anazunguka kwa avenyu ya nyuma.