Lemmy, Sonia na Kapteni Victor

Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Mwembe Tayari, Mombasa, magazeti makuukuu yalitandazwa juu ya magunia, na sisi watoto wa mtaa tulitafuta African Film tu. Lilikuwa jarida la kampuni ya Drum, hadithi ya picha: watu halisi wamepigwa picha, maneno yao yameandikwa humohumo. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, yaani Spear: kofia ya panama, tai ya kipepeo, biri mdomoni, gari aina ya Stingray. Mweusi kama sisi, na majambazi wote wakimwogopa.

Nakala moja ilizunguka mtaa mzima hadi jalada likatoka. Jioni tulijazana barazani, kaka mmoja wa sekondari akitusomea, Kiingereza akikigeuza Kiswahili papo hapo.

"Haya, Lemmy kafungwa kamba."

"Wamuua?"

"Ngojeni nifunue ukurasa, nyie!"

Hapo ndipo pumzi zilipokatika. Spear akipigwa risasi hakuna aliyeshtuka. Tulijua atainuka, avute kofia yake vizuri, aendelee. Lakini Lemmy alikuwa kijana mdogo, msaidizi wa Spear tu, na angeweza kuumia. Sonia, msaidizi mwingine, alikuwa mrembo na jasiri, lakini naye hutekwa. Kapteni Victor wa polisi ndiye aliyeleta kesi zilizowashinda askari wake. Bila Victor, Spear asingekuwa na kazi; bila Lemmy na Sonia, sisi tusingekuwa na hofu.

Mara nyingi ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshachanwa. Basi tulitunga mwisho wenyewe, na ugomvi haukuwa kama Spear atashinda. Ulikuwa ni nani atakayemfungua Lemmy kamba, na kama Sonia atafika kabla ya bomu kulipuka.

Tulipocheza, aliyekuwa mrefu kuliko wote alichukua kofia ya babake akawa Spear. Baada ya siku chache alichoka: kazi yake ilikuwa kusimama na kuogopwa. Wenzake tulijificha vichochoroni, tukatekwa, tukatoroka. Akaomba naye awe Lemmy, tukamkatalia.

Hata leo nikisoma riwaya ya upelelezi, namtafuta kwanza yule anayeweza kuumia. Nisipomwona, kitabu nakirudisha rafuni, hata mpelelezi wake awe hodari vipi.