Hiyo 0.1 Umeitoa Wapi?

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi, niliwatangazia wenzangu wa chumba kwamba nguzo yangu imepita. Mmoja akauliza imepita mtihani gani. Tukacheka, nikalala.

Mradi ulikuwa ghorofa la kukimbilia watu tsunami ikija. Wengi walinishangaa: Dar na tsunami wapi na wapi? Lakini tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalivuka bahari nzima. Somalia yaliua karibu watu 300, na hapa kwetu pia yaliondoka na watu. Tena maji hayaji peke yake. Kule Banda Aceh yalibeba magari, mapaa, magogo, hadi meli ya kuzalisha umeme ya tani 2,600, wakaikuta katikati ya nyumba za watu, kilomita zaidi ya 2 kutoka baharini.

Mimi nilichukua kitu kidogo: gogo la kilo 454, likienda mita 4 kwa sekunde, ligonge nguzo ya chini. Nikarudi kwenye fizikia ya sekondari: uzito mara mwendo, gawanya kwa muda wa mgongano. Muda nikaweka sekunde 0.1. Jibu, kilonewtoni 18. Nguzo yangu inahimili 120. Imepita na chenji imebaki.

Mwalimu anayenisimamia aliutazama ukurasa ule kimya, kisha akauliza, "Hiyo 0.1 umeitoa wapi?"

"Nimekadiria, mwalimu."

Uongo. Nilianza na 0.01, ikatoka 182, nguzo ikafeli, ndipo nikaongeza muda. Kunenepesha nguzo kungenilazimu kuchora upya hadi msingi, na bumu lilikuwa limekata siku nyingi. Kuchapa michoro ni hela.

Hakunigombeza. Alisema niachane na muda, nitumie njia nyingine: mwendo, mara kipeuo cha pili cha uzito mara ugumu wa gogo. Ugumu unapimika, muda, kama nilivyofanya mimi, unaweza kubuniwa. Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, waligongesha nguzo ya umeme ya mbao na kontena la kweli kabisa ili kupima pigo. Kilichonishangaza ni kwamba mzigo usiofungwa ndani ya kontena hauongezi sana ukali wa pigo. Ningeapa kinyume chake! Ila fikiria daladala ikifunga breki ghafla: gari limeshasimama, abiria bado wanakuja mbele. Pigo linaisha kabla mzigo haujafika.

Kanuni za usanifu za Marekani zinalipa gogo kama langu ugumu wa kilonewtoni 61,300 kwa mita. Nikapiga hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri. Kilonewtoni 667. Na pigo lenyewe linaisha ndani ya muda usiofika hata ile 0.01 niliyoikimbia. Yaani watu wangekuwa juu, wamebeba watoto, wakiamini wamefika salama, na chini yao nguzo ya 120.

Nilirudi ofisini kwake nikamwambia ukweli, kwamba ile namba niliichagua ili nguzo ipite.

"Najua," akasema. Akafungua daftari langu, akaweka kidole. Chini ya 0.1, penseli ya 0.01 bado ilikuwa inasomeka.

Michoro mipya nimechapa kwa mkopo wa jamaa wa chumba kile kile.