Lori Letu Kubwa na Safari ya Mama Kurudi Miteja

 

Wengi mliona picha za lile lori nilizoweka "status" mwaka juzi mkaniuliza, "Shoga, umehamia barabarani?" Nikacheka, nikasema nitaeleza. Sikueleza, kwa sababu safari ile ilinigusa mahali ambapo nilikuwa sijapona. Leo nimemwomba Mama ruhusa, amenipa. Basi kaa na chai yako nikuhadithie.

Kwanza lori lenyewe. Mume wangu ameendesha magari ya watalii miaka mingi huko bara. Kampuni moja ilipokuwa inauza magari yake ya zamani, akanipigia simu: kuna lori la kambi, injini nzima, bodi imechoka. Mimi wakati ule nilikuwa nimetoka kwenye msimu wa kushona sare za shule, na kikoba chetu kilikuwa kimevunjwa. Tukaunganisha fedha zetu, tukalinunua. Urefu wake mita tisa, na kimo chake kinapita paa la nyumba yetu ya Unguja. Nia yetu ilikuwa biashara: kukodisha kwa vikundi vya kina mama wanaokwenda maulidi, harusi na ziara, walale humo humo, wapike humo humo, wasihangaike na gesti.

Ndani nilishona kila kitu mwenyewe. Mapazia ya kitenge yenye kitambaa kizito ndani ili mwanga wa taa usioneshe mtu. Magodoro nikayavisha foronya zenye zipu. Nyuma kabisa nikatenga chumba kidogo chenye kitanda, na pembeni choo cha ndoo yenye mfuniko, na pazia lake. Chumba hicho nilikitengeneza kwa ajili ya Mama.

Mama yangu ni mzaliwa wa Miteja, Kilwa. Aliolewa akaletwa Unguja mwaka 1974, wakati ule ule ambao watu wa kwao walikuwa wanahamishwa kutoka mashambani kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Sasa miguu yake inavimba akikaa muda mrefu, na daktari amemkataza kukaa kwenye kiti cha basi saa tano au sita. Kila mwaka alikuwa akisema, "Nataka nikamsomee dua mama yangu kabla na mimi sijasomewa." Nikawa najibu, "Insha Allah, Mama." Mnajua insha Allah tunazozisema kumnyamazisha mtu. Ilikuwa hiyo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Bibi alipofariki, mwaka 2009, Mama hakwenda kuzika, wala hakwenda arubaini. Dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa, alimwambia kwenye simu neno zito, na tangu siku hiyo wakawa hawasemezani. Sisi watoto tuliambiwa Mama alikuwa mgonjwa. Tukaamini.

Tulipanga kwenda baada ya Idi ya mwaka 2024. Mei ikaja mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Tukasubiri hadi kiangazi. Mama alivuka kwa boti, akapokelewa Dar es Salaam, akapandishwa kwenye lori kwa ngazi na watu wawili. Alipoona kile chumba alipapasa mapazia, akasema, "Mshono mzuri." Basi, nikajiona nimefika peponi.

Sikujua kwamba gari kubwa halina mahali pa kulala. Tulipita Mbagala, Mkuranga, Kibiti, jua likatuzamia karibu na Ikwiriri. Kituo kimoja cha mafuta mlinzi alikubali tuegeshe, akachukua fedha, halafu saa tatu usiku akaja mwingine akatuamuru tuondoke. Tukajaribu gesti moja: uani kulikuwa na nafasi, lakini geti lilikuwa fupi kuliko lori. Ya pili, waya wa umeme ulikuwa umening'inia mlangoni, mume wangu akasema hapana, hapa tutaua watu. Mwisho tukalala kwenye uwanja wa malori ya mizigo, katikati ya madereva, muziki na moshi wa chipsi. Tulisali Magharibi na Isha kwa kuzijumuisha, Isha rakaa mbili, mlango umefungwa. Nilimshukuru Mungu kwa vile vitambaa vizito vya mapazia. Lakini sikulala. Mimi mwanamke wa kujistiri, na nje kuna wanaume wanazungumza yao nusu mita kutoka sikioni mwangu.

Mama yeye alilala fofofo. Asubuhi akaniambia, "Nyumba bila majirani unaowajua si nyumba, mwanangu, hata ikiwa na mapazia." Nikanuna kidogo. Nilikuwa nataka anisifu.

Tukavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003. Mama akasimulia walivyokuwa wakisubiri kivuko zamani, na masika njia ya kusini ilivyokuwa inafungwa kabisa. Tukapita Somanga polepole, palipoharibika bado panaonekana. Kisha Mama akawa kimya. Akawa anatazama mikorosho.

Miteja iko kwenye barabara kuu, kabla hujafika Nangurukuru. Kuiona si kazi. Kazi ilikuwa kuacha lami. Nyumba ya Mama Mkubwa iko ndani, na njia ni ya pikipiki na miguu. Mimi nikasisitiza tuingie nalo mpaka mlangoni. Nilikuwa na sababu: miguu ya Mama. Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuisema: nilitaka watu wa kwao wamwone anashuka kwenye gari lile. Nilitaka Mama Mkubwa aone.

Hatukufika mbali. Tawi la mwembe lilichana turubai la juu, likachanika kama kitambaa kibovu. Mume wangu alipokwepa tawi la pili, tairi la nyuma likazama kwenye mchanga. Vijana wakaja, watoto wakaja, wazee wakaja. Ikachukua saa nzima na majembe na matawi chini ya matairi. Na wakati tunahangaika, mtoto wa Mama Mkubwa akafika kwa baiskeli. Alisalimia kwa adabu, akanivuta pembeni. Akasema, "Dada, Mama amelisikia hilo gari. Amesema kama mmekuja kumuonesha mali, ameshaona, mnaweza kurudi."

Dada zangu, nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu alikuwa amesema kweli kuhusu mimi.

Mume wangu, Mungu amhifadhi, ndiye aliyetulia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akajitambulisha, akaeleza sisi ni nani na tumekuja kwa nani. Yule mzee akatuonesha uwanja wa mpira kando ya kijiji: ardhi ngumu, hakuna waya, hakuna miti ya juu. Hakutaka fedha. Alitaka tu tusimwage uchafu na tusizuie goli, maana jioni vijana wanacheza. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumepata tulichokitafuta tangu Dar es Salaam, na tulikipata kwa kuomba kwa jina la ukoo wa Mama.

Nikamwambia Mama kilichotokea. Nilitegemea alie. Akasema, "Nishusheni. Nitakwenda kwa miguu."

Tulichukua kiti cha plastiki. Anatembea hatua kumi na tano, ishirini, tunaweka kiti chini ya mkorosho, anapumzika, tunaendelea. Akina mama waliokuwa wanachota maji wakatua ndoo zao wakaja nyuma yetu, wengine wakimwita kwa jina lake la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Tulipofika, Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapepeta mchele. Hakunyanyua kichwa.

Mama akasimama na fimbo yake. "Shikamoo, dada."

Kimya. Ungo unakwenda juu na chini.

"Dada, sikuja kumzika Mama kwa sababu sikuwa na nauli. Biashara ya mume wangu ilikuwa imekufa, tunakula mlo mmoja. Niliona haya kukwambia, kwa sababu nyinyi mlijua niko kisiwani nimestarehe. Nikasema naumwa. Ndiyo ukweli wangu, na leo nimekuja kukuomba radhi."

Mimi ndiyo nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Mwaka ule nilikuwa kijana, niko kwenye kozi ya ushonaji. Ada yangu ililipwa mwezi ule ule. Hakuna aliyenitajia, wala Mama hajawahi kunihesabia. Nilisimama pale na kile kiti cha plastiki mkononi, nikajua nauli ilikwenda wapi.

Mama Mkubwa akaweka ungo chini. Akasema, "Marahaba." Halafu akasema, "Kaa, miguu yako mibaya." Halafu ndiyo wakalia, wote wawili, na sisi nyuma yao.

Usiku ule Mama alikataa kurudi kwenye lori. Alilala kwenye kitanda cha kamba chumba kimoja na dada yake, na walizungumza Kimatumbi mpaka usiku wa manane. Mimi nikalala uwanjani kwenye magodoro yangu mazuri, chumba cha Mama kitupu. Sikununa tena. Mama Mkubwa alituletea wali wa nazi na samaki uwanjani, na akinamama wakawa wanapishana kuja kuona mapazia. Nilipata oda nne za mashuka, alhamdulillah.

Asubuhi tulikwenda kaburini. Liko kwenye mahame, kule walikokaa kabla ya kuhamishwa, na hapo hata lori dogo haliendi. Vijana walimbeba Mama kwenye kile kiti. Alisoma dua yake. Sitaeleza zaidi.

Adhuhuri wale wakongwe wawili walisali pamoja, Mama Mkubwa akiongoza wanawake, akisimama katikati ya safu yetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa rakaa mbili za msafiri. Mama akanikumbusha kwa ishara ya vidole vinne: ukisali nyuma ya mkaazi, unakamilisha. Tukakamilisha nne.

Siku ya tatu tuliwachukua wote wawili hadi Kilwa Masoko. Nyumba moja ya wageni karibu na ufuo ilitukubali uani kwa malipo kidogo, baada ya mume wangu kukunja vioo vya pembeni ili tupite getini. Sisi vijana tulivuka kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani, tukaona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Wakongwe walibaki ufuoni wanakula korosho. Walisema magofu wanayo magotini.

Kwa wale mnaofikiria safari za aina hii, haya ndiyo niliyojifunza:

Pima gari lako, urefu, upana na kimo, uandike namba hizo mbele ya dereva. Waya na matawi hayasikii dua ya mtu ambaye hakupima.

Tafuta mahali pa kulala saa tisa alasiri. Usingoje giza. Mshuke mmoja, atembee kwa miguu aikague njia kabla gari halijaacha lami.

Kijijini anza kwa mwenyekiti au mtendaji. Uwanja wa mpira, kwa ruhusa, ni bora kuliko kituo cha mafuta. Uliza vijana wanacheza saa ngapi.

Maji machafu na choo usimwage popote. Omba kutumia choo cha mtu, au chimba shimo mbali na kisima na ulifukie.

Sisi wanawake: mapazia yenye kitambaa cha ndani, tochi, kanga za ziada, na mlango unaofungika kwa ndani. Na uliza kibla kabla ya jua kuzama. Huko kusini kibla ni kaskazini, kule kule unakotoka Dar es Salaam.

Na la mwisho, jiulize nia. Hilo lori nilidhani nimemnunulia Mama, kumbe nusu yake nilijinunulia mimi.

Hatujaliuza. Linafanya kazi, vikundi vinakodi, na mimi hutangulia mwenyewe kwa basi kuomba uwanja. Turubai nililishona kwa mkono, kiraka kinaonekana, nimekiacha. Mama Mkubwa alikuja Unguja Ramadhani iliyofuata. Tulimlipia nauli, naye hakuona haya kuipokea.

Ukiwa na ndugu ambaye hamsemezani, dada yangu, usisubiri upate gari. Mungu atupe nyoyo laini. Amin.