Sisi Hatukuhama, Mpaka Ndio Ulituhamisha



Kila msimu wa uchaguzi watu wanatuuliza: wakimbizi hampigi kura, sasa ramani ya uchaguzi inawahusu nini? Inatuhusu sana. Siasa hatufanyi, sheria ya wakimbizi ya 2006 inatukataza. Lakini kuelewa mambo yanavyoendeshwa si siasa.

Angalieni tu hapa tunapoishi. Zamani Nakivale ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbarara. Mwaka 2005 Isingiro ikakatwa, pamoja na Ibanda na Kiruhura. 2019 ikatoka Rwampara. 2020 mji wa Mbarara ukawa jiji. Sisi tulibaki palepale.

Na kila wilaya mpya inakuja na kiti cha mbunge mwanamke. Ndiyo maana Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge 353 wa majimbo na wanawake 146 wa wilaya na majiji. Katiba ya 1995, kifungu cha 63, inataka idadi ya wakazi wa majimbo ikaribiane kadiri inavyowezekana, na Tume ya Uchaguzi ipitie mipaka ndani ya miezi 12 baada ya matokeo ya sensa. Shida ni pale wilaya zinapokatwa kwanza, halafu hesabu inafuata nyuma. Wachache wanapata mbunge mmoja, na wengi nao mmoja huyohuyo.

Kenya walijaribu kuweka breki. Katiba yao ya 2010 ilifunga majimbo kwenye 290, na jimbo halitakiwi kupishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache.

Tuliosoma kifungu cha Uganda tulishika neno moja: wakazi. Hakijasema wapiga kura. Na sensa ya Mei 2024 ilituhesabu na sisi. Kwetu Kongo viti vinagawanywa kwa walioandikishwa kupiga kura, na Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa kwa sababu ya vita. Ukikimbia kabla hujaandikwa, unapotea hata kwenye hesabu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa tunachagua viongozi wetu wa RWC kuanzia kijijini. Kijiji wanachoishi baadhi yetu kimepokea wageni wengi, nyumba zimebanana, lakini mwenyekiti ni mmoja. Kijiji jirani ni kidogo sana, na chenyewe kina mmoja. Kwenye kikao cha maji sauti zinalingana. Kwenye foleni ya jerikani hazilingani hata kidogo.

Tunaomba mambo matatu. Mpaka wa kijiji uangaliwe upya kila baada ya uhakiki wa wakimbizi. Idadi ya kaya ibandikwe hadharani, kila mtu aione. Na anayegombea uongozi asiwe ndiye anayechora mpaka.

Hili halihitaji pesa ya wafadhili. Linahitaji daftari, kalamu na watu wa kutembea nyumba kwa nyumba. Vijana tupo, miguu tunayo. Tuanze na kijiji chako: kina kaya ngapi, na bomba ngapi?